Jina Walilotaka Nilitaje

Katika miaka ya vita, hapa Kindu, ulijua jirani ana chakula kwa kuangalia paa lake. Moshi ukipenya kwenye majani ya paa asubuhi, watu wa pembeni walianza kuulizana: ametoa wapi? Nani amempa? Na yeye amempa nini huyo aliyempa? Mji ulikuwa umezungukwa. Askari walikuwa ndani, watu wa porini walikuwa nje, na mashamba yetu yalikuwa huko nje. Treni zilikuwa zimesimama, na ndege iliyotua mara mojamoja ilileta chumvi na sabuni ambazo sisi tulizisikia tu zikisimuliwa. Aliyevuka mto kwenda shambani alishukiwa na askari kwamba anapeleka habari porini. Akifika huko alishukiwa kwamba anapelelezea askari. Akirudi na mihogo kichwani, majirani nao walikuwa na maswali yao.

Baba alivuka na hakurudi. Alikuwa fundi wa njia ya reli, na kazi iliposimama akawa mkulima kwa kulazimika. Wengine walituambia askari wa kivukoni ndio waliomshika, wengine wakasema ni wale wa ng'ambo. Kuna mtu mmoja aliyetuambia yote mawili ndani ya wiki moja, kwa uso uleule. Tangu hapo nilianza kuangalia nyuso kuliko kusikiliza maneno. Hata leo, mtu akinisalimia kwa furaha iliyozidi, najiuliza anataka nini.

Mama alikufa masika yaliyofuata, kwa homa ambayo kabla ya vita ingeondoka kwa vidonge. Hakuacha wosia. Siku zake za mwisho aliomba maji, akaomba tumgeuze upande, akaomba tena maji. Dini yake ilikuwa imekwisha kutufikia kabla ya hapo, jikoni, bila mahubiri. Mtoto akija mbio kusema fulani kaiba embe, au fulani anamtukana mwalimu, mama hakugeuka kutoka kwenye sufuria. Aliuliza tu, "Uliona?" Ukisema uliambiwa, alikujibu, "Basi huyo aliyekuambia aje yeye." Alikuwa katika kundi la akina mama wa kanisa na alijua amri zote kwa moyo, lakini ile ya kutomshuhudia jirani uongo ndiyo aliyoifanyia kazi kila siku, kama mtu anavyofagia uwanja.

Tulibaki watatu. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Mdogo wangu wa kike alikuwa anakaribia kuvunja ungo, na kitinda mimba alikuwa bado anang'oka meno ya utotoni. Shule sikufukuzwa wala sikufeli. Asubuhi moja nilivaa sare, nikaiangalia sufuria, nikavua sare. Baadaye sketi ile niliikata nikamshonea kitinda mimba kaptula.

Chakula chetu kilikuwa mihogo michungu. Sisi watu wa Maniema tunajua kazi yake: unailoweka kijitoni siku tatu au nne mpaka iwe laini na itoe harufu, unaimenya, unaianika juani, unaitwanga. Wakati wa amani hakuna aliyeharakisha. Lakini vitani, mihogo iliyolowekwa kijitoni iliamka imeibwa, na kijito chenyewe kilipita karibu na kambi. Kuianika uwanjani ilikuwa sawa na kutangaza kwamba una chakula. Kwa hiyo watu walianza kuiloweka ndani ya beseni, chini ya kitanda, usiku mmoja, kisha wakaikausha juu ya moto mlango umefungwa. Mama alianza hivyo, nami nikaendelea. Barabara nzima ilifanya hivyo, na kila nyumba ilidhani ni siri yake peke yake. Ugali ulikuwa na uchungu kidogo, tukauzoea.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi bibi mmoja mjane, Mwislamu, wa zile familia zinazosema mababu zao walikuja na wafanyabiashara wa pwani. Viwanja vyetu vilitenganishwa na ua wa matete uliokuwa na mwanya, na mwanya ule ulikuwa mlango wetu wa nyuma sote wawili. Nilimwangalia sana. Moshi wake ulikuwa mwembamba lakini haukukosa. Alikuwa na samaki wakavu, hata wiki ambazo hakuna mvuvi aliyethubutu kuingia mtoni. Wanawe walikuwa wametawanyika, na hakuna aliyejua wako upande gani wa vita.

Alimpenda kitinda mimba wetu, na kama bibi wote wa kwetu alimwita mume wake.

"Bwana yangu, leo umeniletea nini?"

"Sina kitu."

"Basi nakuacha. Naenda kuolewa pengine."

"Nani atakutaka? Hauna meno."

"Niko nayo mawili. Kwa mwanaume kama weye yanatosha."

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini, na bibi alimtia kipande cha samaki mkononi. Mimi nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Usiku nilimnusa mikono, nikinusa yule samaki, nikijiuliza mtu anayetoa chakula bure katika mji wenye njaa anatafuta nini.

Kisha asubuhi moja kitinda mimba aliamka, akataka kwenda nje, na miguu ikamkatalia. Hakuwa na homa. Hakulia maumivu. Magoti yalikuwa yamekazana, visigino havikugusa chini. Alisimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia dirishani, akaanguka. Nilimwinua, akaanguka tena. Mwanzo alicheka, akidhani ni usingizi. Mchana hakucheka tena.

Bibi alisikia, akapitia kwenye mwanya na chupa ya mafuta ya mawese. Alimkanda miguu muda mrefu akisema maneno ya Kiarabu kwa sauti ya chini, maneno ambayo mimi sikuyajua. Halafu akageuka kuangalia jiko letu.

"Mujukuu, hapa munalowekaka mihogo siku ngapi?"

Nilifikiri, sasa anataka kujua tuna mihogo kiasi gani. Nikamjibu, "Kama watu wote, bibi."

Hakuuliza tena. Alichukua chupa yake akarudi kwake.

Habari za miguu zilimfikia baba mdogo wetu, ndugu wa baba. Huyo alikuwa mtu wa kuogopesha kwa sababu moja: alipita. Wakati wengine walikuwa wamefungiwa mjini kama kuku, yeye alikwenda mji wa Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, na kurudi, na wala askari wala watu wa porini hawakumgusa. Kwa nini, hakuna aliyemuuliza. Alituletea chumvi ndani ya kopo. Alimbeba mtoto, akajaribu kumsimamisha, na alipoona visigino vinaning'inia alilia kilio cha kweli. Ninaliandika hilo kwa sababu ni haki yake.

Alitupeleka kwenye chumba cha maombi. Pasta wetu mzee alikuwa amekimbia na kanisa lilikuwa limefungwa, kwa hiyo watu walikuwa wakisalia nyumbani kwa mtumishi mmoja aliyejulikana kwa kufunga na kuona maono. Mtumishi aliweka mkono juu ya miguu ya mtoto, akafumba macho, akakaa kimya mpaka jasho likamtoka.

"Iko muntu," alisema. "Haiko mbali. Anapitaka mulango wa nyuma."

Baba mdogo alinitazama. Mdogo wangu wa kike alinitazama. Wote tulijua nani anapita mlango wa nyuma.

"Jina ni nani, mutumishi?" baba mdogo aliuliza.

"Miye sitaji jina. Mukubwa wa nyumba njo anatajaka. Mutarudi Jumapili."

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya chumba kile. Mtumishi alionyesha njia mpaka kizingitini, na jina lilitoka kinywani mwa mkubwa wa nyumba yenye mgonjwa. Kama baadaye kuna matata, si yeye aliyetaja. Wengine waliona ni utaratibu wa heshima. Mimi niliona mtu anayenawa mikono kabla ya kula. Baba mdogo hakuweza kutaja kwa sababu hakuishi nasi. Baba hakuwepo, mama hakuwepo. Mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi. Tangu mama azikwe, hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniita mkubwa wa kitu chochote, mpaka siku walipohitaji kinywa changu.

Na sote tulijua jina likitajwa kinafuata nini. Mwezi uliopita mama mmoja mzee wa barabara ya juu alikuwa ametajwa. Vijana walibomoa nyumba yake, wakamtembeza mpaka mwisho wa mji, wakamwonyesha msitu. Huko msituni hakuna aliyempokea mtu aliyetoka mjini. Hakuonekana tena.

Tukiwa njiani kurudi, baba mdogo alimbeba kitinda mimba mgongoni na kuongea nami polepole, kama mtu anayebembeleza.

"Mama, weye njo mukubwa. Jumapili utataja."

"Sijaona kitu, baba mudogo."

"Nani anaonaka uchawi? Anamwita mutoto bwana yake. Usikii? Bwana yake, wa usiku."

"Bibi wote wanasemaka vile. Bibi yenu alikuitaga hivyo hivyo, baba alitusimuliaka."

Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Bibi yangu hakukuwa mulozi," alisema. Kisha akaweka sharti lake. "Ukikatala, nachukua watoto. Siachi damu ya kaka yangu pembeni ya mulozi. Utabaki na huyo bibi yako, muangaliane."

Juma lile sikulala vizuri. Ningependa kusema nilikuwa na hakika kwamba yule bibi hana kosa, maana ushuhuda wa kanisani huwa hivyo, mtu anasimama anasema alijua tangu mwanzo. Sikujua. Nilimshuku kuliko baba mdogo alivyomshuku, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwangalia kwa karibu. Nilikuwa na samaki wake, mafuta yake, maneno yake ya Kiarabu, swali lake juu ya mihogo. Kila kitu kilikaa mahali pake. Na nilimshuku baba mdogo vilevile, kwa sababu kiwanja cha bibi kilipakana na cha baba, na viwanja viwili vikiungana vinafika mpaka barabara kubwa. Nilimshuku mtumishi. Nilimshuku hata mdogo wangu wa kike, nikidhani ameahidiwa nguo.

Nilisali. Niliomba Mungu anionyeshe kama ni yeye au si yeye. Hakunionyesha kitu. Niliomba siku ya pili, ya tatu, na ukimya ulikuwa uleule. Nikiwa nachochea moto Jumamosi niliona kwamba ninaomba kitu ambacho sikuahidiwa. Hakuna amri inayosema mtu ajue yaliyo moyoni mwa jirani yake. Iko amri inayosema asimshuhudie asichokiona. Ile ya kwanza ilikuwa kazi ya Mungu, hii ya pili ilikuwa yangu, na haikuhitaji nijue lolote. Ilinihitaji nifunge mdomo. Sikusikia raha wala amani. Nilisikia kama mtu aliyeambiwa abebe mzigo fulani na ameuona ulivyo mzito.

Jumapili chumba kilijaa, maana watu walikuwa wamesikia. Mtumishi aliimbisha nyimbo, akahubiri, halafu akanyoosha kidole.

"Mukubwa wa nyumba, simama."

Nilisimama. Kitinda mimba alikuwa kwenye mapaja ya mdogo wangu wa kike, miguu imenyooka kama vijiti.

"Sema, mama," baba mdogo alisema. "Jina moja tu."

"Sina jina."

"Unaogopa nani?" mtumishi aliuliza. "Hapa damu ya Yesu inakulinda."

"Niko naogopa kusema kitu sijaona."

Minong'ono ilianza. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, ambaye mama alikuwa amemuuguza alipojifungua, alisema bila kunyanyua sauti, "Angalieni huyu mwenyewe. Baba ameenda, mama ameenda, sasa mutoto. Nani anapikaka mu ile nyumba?"

Vichwa viligeuka. Niliona jinsi jambo linavyohama, kama maji yanavyoacha mfereji mmoja na kuingia mwingine. Baba mdogo pia aliona, na nadhani aliogopa, kwa sababu alinishika mkono akanitikisa.

"Taja, mama. Watakugeukia weye."

"Baba mudogo, sina jina," nilisema. Sikusema zaidi. Watu wengine wanadhani nilitoa hotuba siku ile. Nilikaa chini.

Mtumishi alisema nyumba inayoficha pepo inajihukumu yenyewe, akaendelea na mgonjwa mwingine. Bila jina hakukuwa na la kufanya. Vijana waliokuwa wakingoja nje walitawanyika.

Baba mdogo alitimiza neno lake kesho yake. Alikuja kuchukua watoto wote wawili, lakini alipomwangalia kitinda mimba akafikiri juu ya njia ya kwenda Kama, akabadili mawazo.

"Huyu abaki. Njia ni ndefu."

Kwa hiyo alimchukua mwenye miguu. Niliwasindikiza mpaka kivukoni. Mdogo wangu alikuwa na furushi dogo na sufuria yetu ndogo, niliyompa ili asiende mikono mitupu kwa mke wa baba mdogo. Hakulia. Alipokuwa na mguu mmoja ndani ya mtumbwi aligeuka, akaniita kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Yaya, sema tu. Bado kuna saa. Jina tu."

Mpiga kasia alikuwa anangoja. Sikusema. Wakaenda.

Miaka iliyofuata watu hawakununua kwa urahisi ndizi nilizoanza kuuza sokoni. Walizigeuzageuza, wakaziacha. Mtumishi alipata nyumba nyingine za kuzitazama, vita vikasogea, jina langu likachoka midomoni mwa watu. Bibi hakunishukuru. Alikuwa amesikia yote, na jambo la kwanza alilofanya ni kuziba ule mwanya wa matete. Niliuona umezibwa, nikasema moyoni, tazama nimempoteza mdogo wangu kwa ajili ya huyu. Miezi mingi baadaye aliufungua mwenyewe, akapita na bakuli, akakaa kwenye kizingiti.

"Nilikuwa nakuogopa, mujukuu," alisema.

"Uniogope miye?"

"Nilisema, huyu mutoto anaweka jina langu akiba. Siku atashikwa na shida kubwa, njo atalitoa. Nilikuwa nalala na viatu."

"Na sasa?"

"Sasa miguu imechoka na viatu. Bwana yangu iko wapi?"

Kitinda mimba aliitika kutoka ndani kwamba amekwisha oa mwingine. Tulicheka, sote watatu, na kwangu ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Vita vilipokwisha na barabara zikafunguka, muuguzi mmoja wa kituo cha afya alipita katika mtaa wetu akiuliza kuhusu watoto wanaotembea kwa ncha za vidole. Alipomwona ndugu yangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye fimbo, hakushangaa. Alituambia amewaona wengi, wote wa miaka ileile. Mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha ina sumu. Mtu akiila wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharage, siku moja miguu inakakamaa na hairudi tena. Alisema hivyo huku akiandika, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilitoka nje nikasimama penye ua. Bibi alikuwa na miaka michache tangu azikwe. Siku ya matanga yake wanawake wa Kiislamu walikuwa wamesogeza kiti mbele na kusema, "Mupeni huyu, yeye njo bwana ya marehemu," na ndugu yangu alikaa pale na fimbo yake akipokea pole, akicheka na kulia. Sasa nilimfikiria na samaki wake. Samaki yule niliyemnusa usiku kwa hofu ndiye pengine aliyemwachia ndugu yangu uwezo wa kusimama. Na nilifikiri juu ya swali lake, mihogo tunailoweka siku ngapi. Lakini niseme jambo moja, kwa sababu watu hulipindua: kama nilifanya sawa, si kwa kuwa muuguzi alikuja kuonyesha kwamba bibi hana kosa. Kama muuguzi asingekuja kamwe, bado lile jina halikuwa langu kulitaja.

Mdogo wangu alirudi kutoka Kama akiwa mwanamke mzima, na mtoto mgongoni. Alikuwa amechota maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, amepika kwa wachimbaji, amelala mahali ambapo hakutaka kulala. Baba mdogo alikuwa amefia hukohuko, udongo ulimwangukia shimoni. Nilimweleza habari za mihogo nikidhani zitampoza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimnyonyesha mtoto.

"Kwa hiyo haikukuwa yeye," alisema.

"Haikukuwa yeye."

"Na kama ungetaja, angeenda porini, mimi ningebaki."

"Ndiyo."

"Alikuwa bibi ya watu, yaya. Miye nilikuwa wa kwenu."

Aliendelea bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Mungu wako alikuambia unyamaze, na miye njo nililipa. Weye ulibaki hapa, na usafi wako."

Aliolewa tena hapa Kindu, na mwanamume mzuri, na akaishi mtaa wa pili bila kuja kwangu isipokuwa kwa misiba. Kanisani hakurudi.

Kanisani kwetu wapo wanaosema Mungu alipanga yote: miguu ya ndugu yangu, safari ya Kama, kila kitu, ili nipate ushuhuda. Ninawashuku watu hao. Ninamshuku kila mtu anayeeleza mateso ya mwenzake haraka, tena akiwa amekula. Sidhani kwamba Mungu alivunja miguu ya mtoto ili anifundishe adabu. Ninachojua ni kidogo zaidi. Nilitii mara moja, nikiwa sielewi, na utii ule uliniharibia nyumba. Na kupitia nyumba ile iliyoharibika nilipewa kazi ambayo nisingeipata kwa njia nyingine.

Kazi yenyewe haina jina. Ilianza na mama mmoja wa kundi letu la kanisa ambaye mwanawe alishikwa na degedege, na ndugu wa mume walikuwa wameshakusanyika kutafuta aliyemroga. Aliniomba nije tu nikae naye. Nilikwenda, nikawasha moto, nikapika uji, nikauliza mtoto amekula nini na ameanza lini, nikasema tumpeleke kituo cha afya, na kila waliponiuliza ninamdhania nani nilisema sijaona. Nyumba yenye mtu mmoja asiyedhania kwa sauti hupoa kidogo. Si kila mara. Mara mbili nimefukuzwa, na nyumba moja walitaja jina mbele yangu na sikuweza kuwazuia. Lakini wananiita. Wakristo na Waislamu wananiita. Sina cheti, shule niliiacha na sare yake. Ninachojua ni namna hofu inavyotafuta kinywa, kwa sababu ilikwisha kujaribu changu.

Mwaka huu, masika yalipoanza, mdogo wangu alikuja mlangoni kwangu asubuhi, bila msiba. Alisimama, hakukaa.

"Shemeji yako mudogo, ndugu ya bwana yangu, amelala tangu juzi. Haongei. Tumbo limevimba."

"Mumempeleka lopitali?"

"Wanakatala. Wamekusanyika. Wanasema njo mama mukubwa yao, ule mujane anakaaka uwanjani. Wanangoja bwana yangu ataje. Yeye njo mukubwa."

"Na yeye anasema nini?"

"Anatoka jasho." Alitazama pembeni, kwenye ua. "Bado nakukasirikia, yaya. Usifikiri imeisha."

"Sifikiri."

"Lakini weye njo unajuaka kunyamaza. Njoo unyamaze kwetu."

Nilichukua kitenge changu nikamfuata. Njiani pikipiki zilitupita zikiturushia matope, na alinivuta mkono mara moja ili nisikanyage shimo, kisha akauachia.

Nyumba ilikuwa imejaa ndugu. Mgonjwa alikuwa chumbani, tulisikia pumzi yake. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikaa kwenye kiti katikati, mikono magotini, na wazee walikuwa wamemzunguka kwa viti. Kwenye mkeka, upande wa ukuta, aliketi yule mjane, mwembamba, kilemba chake kimelegea. Mkeka ulikuwa mrefu, na watu wengine walikuwa wamebanana mlangoni, lakini kando yake hakuna aliyekaa.

"Huyu ni nani?" mzee mmoja aliuliza.

"Njo yaya yangu," mdogo wangu alisema. "Amekuja kukaa."

Nilimwangalia yule mjane. Alikuwa akizungusha pete kidoleni, akiizungusha bila kuacha, na nilijikuta najiuliza kwa nini, na pete ile alipewa na nani, na kucha zake mbona ni nyeusi hivyo. Nilikuwa nimeanza kumshuku kabla sijavua viatu. Nikamwambia Mungu kimyakimya kwamba naona ninavyofanya. Halafu nikawaomba wazee wamtafutie mgonjwa pikipiki ya kwenda hospitali, wakati sisi wengine tukingoja, nikapita katikati ya viti vyao, nikakaa kwenye mkeka, bega langu likagusana na lake. Shemeji yangu aliniangalia, akamwangalia mke wake. Kisha akainuka kwenda kutafuta pikipiki.